Majirani Wasiojuana: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Watu wa Ploti na Mtaa Wako

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Nyumba zinachipuka kila upande: ghorofa zinapanda Kiamunyi na Naka, vyumba vya safu vinaongezeka Kaptembwo, Rhonda na Free Area. Wanaohamia humo wametoka Kisii, Kericho, Busia, Nyandarua, Machakos, kila mtu na riziki yake. Ndiyo maana familia kumi zinaweza kuchota maji kwenye bomba moja mwaka mzima na bado mtu akamtaja mwenzake kuwa "yule wa namba sita".

Jambo hili linaniuma, tena zaidi kwa kuwa dawa yake haihitaji cheo wala ofisi. Mtungi wa gesi ukishika moto usiku, mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, mtoto akipotea sokoni, anayefika kwanza ni wa ukuta wa pili. Ndugu aliye Bungoma au Nyeri atafika kesho yake, akipata nauli.

Wengi wanaotaka kuleta majirani pamoja huanza kwa kufungua kundi la WhatsApp, au kuitisha mkutano wa kuchanga pesa. Yote mawili yanafaa, lakini si ya kuanzia. Watu huaminiana wakishafanya kazi pamoja na kula pamoja. Kundi la simu na mfuko wa pesa huegemea imani hiyo, haviizalishi. Hatua hizi zimefuata mpangilio huo, nami nakuomba usiziruke hata kama una haraka.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa eneo lako

Usianze na mtaa mzima. Mtaa wa Nakuru kama London au Section 58 una maelfu ya watu, na anayesema "tuunganishe mtaa" huishia kuhutubia watu asiowajua. Chukua ploti yako, au ploti mbili tatu zinazotumia njia moja ya kuingilia. Nyumba kumi hadi thelathini zinatosha. Kipimo changu ni hiki: ukipiga kelele ya moto, ni milango gani itakusikia? Hao ndio watu wako.

Serikali nayo ilifuata kipimo cha aina hiyo ilipoanzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa mfano uliotoka Tanzania. Mahali pengi mpango huo uliyumba kwa sababu ulikuja kwa sura ya usalama tu. Watu waliambiwa wachunguzane kabla hawajasalimiana. Wewe geuza: salamu itangulie.

Chukua karatasi ya daftari la shule, uchore eneo hilo. Weka kila nyumba, bomba, tangi, geti, vyoo, mtaro, kioski, kibanda cha mama mboga, mahali pa kutupa taka, taa zinazowaka na zilizokufa. Halafu weka alama penye watu ambao tayari wanawajua wengine. Mama mboga anajua nani hajaonekana siku tatu. Keateka, yaani mtunza ploti, anajua nani amehamia jana. Fundi wa viatu pale kona anajua watoto wote kwa majina. Kuna pia mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban 100,000 waliotumwa nchi nzima kuanzia Septemba 2023, kila mmoja akiwa na karibu kaya 100 za kutembelea. Yeye ameshapiga hodi milango hiyo yote. Mtafute mapema.

Hatua ya 2: Pata wenzako wawili

Mtu mmoja akianzisha jambo hili, linakuwa lake. Akihama, linahama naye. Mkiwa watatu linakuwa la ploti. Lakini angalia mko watatu wa namna gani. Mkiwa wote wa kanisa moja, au mnazungumza lugha moja ya nyumbani, au nyote ni wenye nyumba, wengine watawapokea kwa heshima na kuwafungia mlango moyoni.

Hapa Nakuru tuna sababu ya kulishika hili kwa mikono miwili. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mitaa yetu iligawanyika kwa kabila, watu walioazimana chumvi wakafukuzana, na uwanja wa maonyesho ukajaa wakimbizi wa ndani. Waliokuwa vijana wakati ule ndio wazazi wa leo. Wanakumbuka, hata kama hawasemi. Kwa hiyo watatu hao wawe na angalau lugha mbili za nyumbani, awepo mwanamke, awepo mpangaji, na ikiwezekana dini zaidi ya moja. Kama huna mtu wa kabila jingine unayeweza kumwendea, basi kazi yako ya kwanza ni kumpata huyo mmoja, hata ikichukua mwezi.

Hatua ya 3: Piga hodi, nyumba kwa nyumba

Hii ndiyo hatua inayoogopwa, nayo ndiyo yenye matunda kuliko zote. Tangazo lililobandikwa getini halishindani na mtu aliyesimama mlangoni akitabasamu.

Nendeni wawili wawili, mmoja wenu awe mwanamke, kwa sababu mama aliye peke yake na watoto hatafungulia wanaume wawili asiowafahamu, na ana haki. Jumapili kuanzia saa tisa alasiri ni wakati mzuri: ibada zimekwisha, chakula cha mchana kimeliwa, nguo zinaanuliwa. Jumamosi Waadventista wanapumzika, na Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Walinzi na wauguzi wa zamu ya usiku hulala mchana. Ukikuta pazia limefungwa, pita, urudi siku nyingine. Msikae zaidi ya dakika kumi na msiingie ndani msipokaribishwa.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Hodi hapa!"

"Karibu. Ni nani?"

"Ni majirani, mama. Mimi ni Mama Kevin wa namba mbili, karibu na tangi. Huyu ni Baba Achieng wa pale juu. Hatukai."

"Aya, karibuni. Kuna nini?"

"Hakuna ubaya. Tumeona tunaishi hapa na hatujuani, tukasema tupite tusalimie kila nyumba. Wewe tukuite nani?"

"Niite Mama Chebet."

"Mama Chebet, hapa ploti kuna kitu gani kinachokusumbua, ambacho unaona tukishikana kinaweza kurekebishika?"

Hapo nyamaza. Usimjazie maneno. Ataangalia chini, ataangalia uani, labda atacheka kidogo, kisha atasema kitu kama: "Huo mtaro wa nyuma. Mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya kitanda cha watoto." Sasa umepata kile ambacho mkutano wa saa mbili usingekupa.

Maswali ni matatu tu: Tukuite nani? Ni nini kinakusumbua hapa? Na ukipatwa na shida usiku, ungemwita nani? Jibu la swali la tatu litakuonyesha nani yuko peke yake kabisa. Wapo wengi kuliko unavyodhani: mzee aliyefiwa, kijana aliyekuja kusoma chuo, msichana wa kazi za nyumbani asiye na siku ya kupumzika.

Usiulize mtu anatoka kaunti gani, anafanya kazi gani, analipa kodi ngapi, anasali wapi, wala kama ameolewa. Maswali hayo yanafanana na ya mpelelezi, ya dalali au ya mwanasiasa. Atakwambia mwenyewe akikuzoea. Na usiandike mbele yake. Kumbuka majina mawili matatu, ukifika kona utoe daftari.

Asiyetaka, muache kwa amani. "Hakuna shida, tutasalimiana tu." Wengine huja baada ya kuona jambo limefanyika.

Hatua ya 4: Chagueni kazi moja ndogo, na muimalize

Ukimaliza milango, utakuta jambo moja limetajwa mara nyingi kuliko mengine. Lifanyeni hilo, mradi liwe la siku moja, lionekane kwa macho, na lisihitaji pesa za kuchanga. Kazi isiyoisha huua moyo wa watu.

Kwa mitaa mingi ya Nakuru jambo hilo ni maji ya mvua. Mji umekaa kwenye mteremko kati ya mlima wa volkano wa Menengai na Ziwa Nakuru, na udongo wetu wa volkano ni mwepesi. Mvua moja kubwa inatosha kuusomba na kuujaza mtaroni, pamoja na karatasi za plastiki na majani. Kwa hiyo nitaueleza mtaro kwa kirefu, nawe utaona jinsi ya kupanga kazi nyingine yoyote.

Kwanza, uangalieni mtaro wakati mvua inanyesha au mara tu inapokatika. Fuateni maji kuanzia yanapoingia hadi yanapokwama. Mara nyingi tatizo haliko mlangoni mwa anayelia bali mita thelathini chini yake, penye kalvati iliyozibwa na gunia. Mkizibua juu na kuacha pale, mmemhamishia jirani wa chini mafuriko.

Pili, kazi ifanyike kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, yaani mwishoni mwa Februari, udongo ukiwa mkavu na mwepesi kubeba. Chagueni asubuhi moja, saa mbili hadi saa nne na nusu. Mwisho wa kazi utangazwe pamoja na mwanzo wake. Mtu anayejua atamaliza saa nne na nusu anakuja, anayeambiwa "tutafanya mpaka iishe" anapata dharura. Kama mna Waadventista wengi, iwe Jumapili mapema kabla ya ibada ya wengine, au sikukuu ya kitaifa.

Tatu, gawaneni vifaa kwa majina. Usiseme "mje na majembe". Sema: Baba Achieng ataleta sepetu, namba tisa wana toroli, Mama Chebet ana reki, keateka atatoa jembe na fyekeo. Glavu ni lazima, kwa kuwa mitaroni mna vipande vya chupa, sindano na maji ya vyoo. Watoto wasiingie mtaroni; wapewe kazi ya kupeleka maji ya kunawa na kuokota plastiki kavu uani. Mzee asiyeweza kuinama akae kivulini aweke daftari la waliofika. Hiyo ni kazi kamili, si huruma.

Nne, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika: udongo mnaoutoa unakwenda wapi? Ukirundikwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza itaurudisha wote. Udongo safi ujaze mashimo ya njia. Taka zitiwe kwenye magunia, na mwongee mapema na wanaozoa taka mtaani kwenu ili gari lipite siku hiyo hiyo.

Mkimaliza, piga picha ya mtaro ulivyokuwa na ulivyo sasa. Chai ya maziwa na mandazi vipikwe na watu wawili waliojitolea, si na wanawake wote kwa kudhaniwa tu.

Panapokuwa hakuna shida ya mtaro, kuna taa ya getini, zamu ya kusafisha choo, ratiba ya kuchota siku za mgao wa maji, au tangi la mvua. Hilo la mwisho nalipigia debe. Maji mengi ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi, ndiyo hiyo inayogeuza meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi. Maji ya paa yaliyokingwa vizuri hayana shida hiyo. Pia kuna machujio ya makaa ya mifupa ya ng'ombe, ufundi ulioendelezwa hapa hapa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru. Lakini tangi na chujio vinataka pesa, kwa hiyo viwe kazi ya tatu au ya nne.

Hatua ya 5: Kuleni pamoja

Wiki mbili tatu baada ya kazi ile, kabla watu hawajasahau, andaeni mlo. Huko Paris, mwaka 1999, diwani mmoja alianzisha siku ya majirani kula pamoja baada ya mwanamke mzee kukutwa amekufa nyumbani mwake bila mtu kujua. Leo inafanyika miji mingi ya Ulaya. Masharti yake ni mepesi: kila mtu anatoka na chakula chake, wanakutana uani.

Masharti hayo hayo yanatufaa. Kila nyumba ipike ilichopanga kula siku hiyo, iongeze kidogo. Mtaona meza moja ina githeri, matoke, ugali na omena, mursik, viazi vya Molo na chapati, na mazungumzo yataanza yenyewe kwa kuulizana kimepikwaje. Mkitaka nyama, achinje Mwislamu ili wote wale. Nguruwe na pombe viachwe nyumbani siku hiyo. Asiye na kitu alete viti, au abebe maji. Mwambie mapema kabla hajaanza kuona haya.

Panga tarehe kati ya mwisho wa mwezi na tarehe 5, mishahara ikiwa mfukoni. Watoto wapakuliwe kwanza. Hotuba isiwepo, ila mmoja asimame ataje kila nyumba kwa jina na watu wapungiane mikono. Na mwanasiasa akisikia na kutaka kuleta soda, mshukuruni, mkatae. Kreti mbili za soda zinatosha kuifanya shughuli yenu iitwe kampeni ya mtu.

Muziki uzimwe saa kumi na mbili jioni. Wapo wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima.

Hatua ya 6: Sasa fungueni kundi la simu

Watu wameshaonana, wanajua sauti na sura. Kundi la WhatsApp sasa lina kazi. Muombe kila mtu ruhusa kabla ya kumwingiza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu, na hata pasipo sheria ni adabu. Wapo wanaojificha kutoka kwa mume mkatili au mdai wa zamani, na namba yao ikianikwa mnawaweka hatarini.

Wasimamizi wawe wawili. Kanuni ziwe chache, zibandikwe juu ya kundi:

- Ni la maji, stima, usalama, wagonjwa, misiba, watoto na vitu vilivyopotea.
- Siasa, matusi ya kabila na ujumbe wa kusambazwa havipiti.
- Biashara ni Ijumaa tu. Mama mboga na fundi nao wanahitaji wateja, wasinyimwe.
- Deni, ndoa na ugomvi wa mtu haviletwi hapa.
- Picha ya mtu anayeshukiwa hairushwi.

Kanuni ya mwisho isivunjwe na yeyote. Tunajua sote kilio cha "mwizi!" kinavyokusanya watu kwa dakika tatu, na kijana aliyekuwa akimtafuta binamu yake akapoteza maisha. Anayeshukiwa anapelekwa kwa polisi. Picha ikisharushwa, hamna uwezo wa kuirudisha.

Wengine wana kabambe, yaani simu ndogo isiyo na WhatsApp, au hawana simu kabisa. Kwa hao tengenezeni mnyororo wa kupigiana: kila mwenye WhatsApp ana jirani mmoja anayempa habari kwa mdomo au kwa simu ya kawaida. Na kila nyumba iwe na karatasi moja nyuma ya mlango, imeandikwa kwa kalamu nene ili mtoto aisome: 999 na 112 kwa dharura, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa mtoto aliye hatarini, kituo cha polisi cha karibu, zimamoto, jirani mwenye gari, jirani muuguzi, na mwendesha boda boda mmoja anayekubali kuamshwa usiku.

Hatua ya 7: Mwenye nyumba, mzee wa mtaa na chifu

Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake, kwa hiyo hamwombi ruhusa ya kunywa chai. Hata hivyo, wapasheni habari mapema. Mwenye nyumba akisikia kwa watu kwamba wapangaji "wanakutana", atafikiri mnapanga kugomea kodi. Waende wawili, wamwambie: mtaro umezibuliwa, taa ya geti inawaka, wapangaji hawahami ovyo. Wengi wao wataleta hata mchanga na saruji.

Mzee wa mtaa aalikwe kwenye mlo, si kwenye mkutano. Naibu wa chifu ajulishwe kwa kifupi. Kwa usalama, Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inatambua polisi jamii, na mkitaka kamati ya namna hiyo muulizeni mkuu wa kituo. Ila jueni kutenganisha: mtu wa kusalimia wagonjwa asiwe ndiye wa kupeleka majina ya watu kituoni. Akiwa yeye yule, milango mliyoifungua itafungwa.

Hatua ya 8: Pesa zije mwisho, na ziwe chache

Nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa shilingi mia tano. Subirini mpaka mfanye angalau kazi mbili na mlo mmoja. Kisha, mkikubaliana, anzeni na mfuko wa misiba na hospitali peke yake. Shilingi 50 kwa mwezi kwa nyumba ni mwanzo mzuri. Kijana anayelipwa kwa siku ataiweza, na hatalazimika kukwepa macho ya watu.

Pesa zisikae kwenye laini ya M-Pesa ya mtu mmoja zikichanganyika na zake. Mweka hazina awe na daftari, mtu wa pili awe na nakala, na hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi hata kama haijabadilika. Kiasi cha kutoa kwa msiba kiandikwe kabla ya msiba wa kwanza, kwa sababu siku ya kilio hakuna atakayethubutu kubishana. Kusikopeshwe. Wanaotaka merigoraundi, yaani kuchangiana kwa zamu, au mikopo waunde chama chao kando, na asiyejiunga nacho abaki jirani kamili.

Mkikua na kutaka akaunti ya benki au msaada wa kaunti, jisajilini. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 mnahitaji watu wasiopungua 10, katiba, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Ploti nyingi hazitahitaji kufika huko.

Hatua ya 9: Ugomvi na msimu wa kura

Majirani wanaojuana hugombana zaidi mwanzoni, kwa kuwa sasa wanazungumza. Kamba ya nguo, redio, watoto kupigana, maji machafu kumwagwa mlangoni mwa mwingine. Waende watu wawili wasio na upande, wamsikilize kila mmoja kwake, kisha wawakutanishe watu wanne hao tu. Msilipeleke mbele ya ploti nzima. Mtu aliyeaibishwa hadharani hawezi kurudi nyuma hata akitaka.

Mume akimpiga mke, hilo si ugomvi wa kusuluhishwa kwa chai. Gongeni mlango mkiwa wengi, muulizeni kitu chochote, hata kiberiti, ili mama apumue. Mpelekeni mama na watoto nyumba iliyo salama, mpigie 1195 au polisi, na msimwambie avumilie.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Msingoje Julai ndipo mzungumze. Mwanzoni mwa mwaka huo, kwenye mlo, kubalianeni mambo manne kwa sauti: mabango hayabandikwi getini, kundi la simu linabaki bila siasa, uvumi wowote wa vurugu unapelekwa kwanza kwa watu wawili mliowachagua wauhakikishe kwa simu, na mtu yeyote akija ploti kuuliza nani anatoka wapi, jibu la wote ni kwamba hapa wanaishi wapangaji. Watajeni watu hao wawili kwa majina, wawe wa lugha tofauti, na namba zao ziongezwe kwenye karatasi ya nyuma ya mlango.

Hatua ya 10: Wanaohama na wanaohamia

Hiki ndicho kinachoua juhudi nyingi mijini. Mwisho wa kila mwezi pikapu inafika na godoro, meko na kabati, nyingine inaondoka. Katika mwaka mmoja robo ya ploti inaweza kuwa watu wapya, na kile mlichojenga kimebaki kwenye vichwa vya waliohama.

Chagueni mtu wa kupokea wageni. Kazi yake ni siku ile ile ya kuhamia: jerikani moja ya maji, kwa kuwa mgeni hajui mgao ni siku gani, na maneno mafupi kuhusu bomba, taka, tokeni za stima, geti linafungwa saa ngapi, na kliniki ya karibu. Asimwombe namba ya simu siku hiyo. Arudi baada ya wiki na karatasi ya dharura na yale maswali matatu ya mlangoni.

Anayehama asalimiwe pia, aondolewe kwenye kundi kwa kuagwa, na kama alikuwa na jukumu akabidhi mbele ya watu wawili: daftari la waliofika na la hesabu, ile ramani mliyochora mwanzoni ikiwa imesahihishwa majina, funguo za mahali pa kuwekea majembe, na usimamizi wa kundi la simu. Kila Januari mbadilishe angalau mmoja kati ya wale watatu wa mwanzo, hata kama hakuna anayehama.